Mbega, Kuvu na Kivuli cha Mwanarehema

Kule Mtongwe, upande wa Likoni, ukiuliza nyumba ya Mwanarehema binti Salimu utaoneshwa na yeyote utakayemkuta njiani, na wengine watakuongezea onyo: usimwendee kama huna hoja. Mama huyu hana ubaya na mtu, lakini ulimi wake haujui kulala. Akiamini jambo ameliamini, nawe utake usitake utaliamini pamoja naye, au utaondoka pale kwa kisingizio cha kuwahi feri. Umri wake ni hamsini na kitu, mwili wa kiasi, leso mbili kila siku ya Mungu, na akiwa shambani huvaa kofia ya ukili juu ya mtandio. Mume alimfia zamani, watoto wameshaoa na kuolewa. Kilichobaki kumshughulisha ni mikorosho yake. Nataka nikusimulie habari ya mikorosho hiyo, maana ndiyo iliyompa jina na ndiyo iliyokaribia kumvunjia jina.

Kwetu pwani mtu aweza kuwa na mti asiwe na ardhi. Jambo hili huwashangaza wanaotoka bara, ila kwetu ni la kawaida kama chumvi. Mzee Salimu, babake Mwanarehema, kabla hajafa aliita mashahidi akaligawa shamba lake. Ardhi akampa mwanawe Matano. Mikorosho akampa Mwanarehema iwe hiba yake, "miti na kivuli chake," ndivyo alivyotamka mzee kwa kinywa chake mwenyewe. Kila aliyekuwapo alimfahamu. Panapofika kivuli cha mkorosho Matano hatalima wala hatajenga, na mti ukifa, au ukikoma kuzaa, mahali pake patarudi kwa mwenye ardhi. Ndugu hao wawili waliishi na maneno hayo vizuri sana mpaka Matano alipofariki na ardhi ikashuka kwa mwanawe, Anwar. Hapo ndipo shughuli ilipoanza.

Anwar si mtu mbaya. Nalisema hili mapema kwa sababu ukimsikiliza shangazi yake utadhani ni jambazi. Anafanya kazi ya kutoa mizigo bandarini Kipevu, ana mke na watoto, wamebanana katika chumba cha kupanga Changamwe, na anataka kujenga kwenye ardhi ya babake. Kosa lake liko wapi? Lakini kila alipokuja na fundi wa kupima alikuta kivuli kimesogea. Tangu Matano azikwe, Mwanarehema hakukata tawi hata moja. Matawi yakatambaa yakagusa chini, machipukizi ya shinani yakawa vijiti, vijiti vikawa matawi, mti ukashikana na mti mwenzake mpaka chini mle mchana kukawa kama magharibi. Anwar akilalamika, shangazi huinua mkono wenye bangili akaonyesha.

"Kivuli changu kinaishia pale penye jiwe. Wewe jenga baada ya jiwe."

Baada ya jiwe palikuwa na mtaro wa maji machafu. Mwanarehema alijua, na alijiona mjanja. Na mjanja alikuwa, tusimnyime haki yake.

Sasa ngoja. Mikorosho ikaacha kuzaa.

Maua yalitoka kama kawaida, mwezi wa saba, wakati wa baridi ya kusi, nyuki wakaja wakavuma. Kisha yakaingia weusi, yakakauka, yakamwagika chini kama majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa. Msimu wa kwanza Mwanarehema alisema ni mvua. Msimu wa pili hata mvua hakuipata ya kuisingizia. Wanawake waliozoea kumletea vikapu vyao wakitaka korosho za kukaanga wakawa wanapita njia ya juu ili wasimtie aibu, na aibu hiyo ya kuonewa huruma ilimuuma kuliko hasara.

Msimu ukielekea ukingoni Anwar alikuja. Alivua viatu barazani, akasalimu vizuri.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekuja na kamba ya kupimia, au umekuja kunisalimu?"

"Nimekuja kusema neno, na naomba usinikasirikie. Mti usiozaa si hiba tena. Mashahidi wa babu bado wako hai, nimewaendea, wamesema hivyo hivyo. Nitangoja msimu ujao. Ukipita bila korosho, shangazi, mimi nakata."

Mwanarehema alishika birika akajimiminia chai. Aliogopa. Mikorosho ile babake aliipanda yeye akiwa mtoto, kazi yake kushika ndoo ya maji. Kwa korosho alizozikaanga chini ya miti ile ndivyo alivyolea na kusomesha. Ikikatwa, yeye atakuwa mpita njia katika shamba alilozaliwa. Anwar alipoondoka alikaa pale barazani mpaka chai ikapoa, akasema peke yake kwamba wallahi, mikorosho hii haikatwi na yeye yu hai.

Mtu akishaapa hivyo, hutafuta mwizi, na anayetafuta mwizi hamkosi. Asubuhi ya pili alimkuta juu ya mti.

Alikuwa mbega. Nikueleze, maana watu wengi hata wa Likoni hawamjui. Kima tunamjua, tumbili tunamjua sana, anaingia jikoni akatoka na sima. Mbega ni mwenye haya. Ni mweusi ti, mkia mrefu wenye ncha nyeupe, na mabegani ameteremshiwa manyoya meupe kama joho la bwana harusi. Upande wa hori, ule mkono wa bahari uingiao bara, penye makaburi ya zamani, kuna kimsitu kidogo kisichoguswa na mtu kwa kuwaheshimu waliolala pale. Humo imebaki jamaa moja ya mbega, na jinsi walivyofika au walivyosalia hakuna ajuaye. Watalii huenda kuwatazama ndugu zao huko Diani. Hawa wa Mtongwe hawana mgeni.

Basi bwana harusi yule alikuwa amekaa kwenye mkorosho mnene kuliko yote, anatafuna polepole, na chini yake maua meusi yametapakaa. Mwanarehema akazunguka shamba. Kila penye mbega, pana maua meusi. Kila penye kinyesi cha mbega, pana maua meusi. Ushahidi gani tena? Angekuwa kadhi angefunga jalada akaenda kula.

Akampigia simu Nguma. Huyu ni mgema, Mgiriama wa Mtopanga, ndiye anayempandia minazi yake kila mwezi na kumwangulia. Ni mtu mtaratibu, mwenye msalaba mdogo wa mti shingoni, na anajua kutega. Alivuka feri akaja na nyaya zake katika mfuko wa gunia, lakini alipomwona mnyama mwenyewe akashusha mfuko chini.

"Dada, hawa ni wanyama wa serikali. Tukishikwa ni kesi."

"Kesi nitaijibu mimi. Wewe tega."

Nguma akatazama juu kwa muda. "Na huyu hana kidole gumba. Ona mkono wake. Mwizi gani asiye na gumba, atachuma vipi kiua kidogo kama kile?"

"Mwizi hataki gumba, Nguma. Mwizi anataka njaa tu."

Nguma alicheka, akasema atatega Jumamosi, si leo, kwa sababu leo amechelewa. Mimi namjua Nguma. Hakuchelewa. Alikuwa anampa muda apoe.

Katikati ya wiki akapita afisa wa kilimo, msichana wa Kikamba aitwaye Mwikali, juu ya pikipiki, akikagua mikorosho ya upande ule. Alisimama kwa Mwanarehema, akasalimu, akaomba ruhusa, akaingia chini ya miti akiwa ameinama. Alipotoka alikuwa na kichipukizi mkononi. Akakisugua kwa kidole, kidole kikawa cheupe.

"Mama, hii ni kuvu. Watu wa korosho wanaiita ubwiriunga, kwa sababu ikianza ni kama umepigwa unga. Inashika jani changa na ua. Ua likishikwa linakuwa jeusi, linaanguka."

"Maua yangu yanaangushwa na mbega. Nimemwona kwa macho yangu."

"Umemwona mbega, ni kweli. Yeye na kuvu wanapenda kitu kimoja, jani changa. Na wote wanapenda mti ulioshikana, mbega apate njia ya kupita, kuvu ipate ubaridi na umande usiokauka. Ndiyo maana unawakuta pamoja. Dawa ipo, tunapuliza salfa. Lakini salfa peke yake haitoshi, mama. Hii miti lazima ikatwe matawi, nusu nzima, jua na upepo viingie."

Katika maneno yote hayo Mwanarehema alisikia moja tu, kukata.

"Nani amekutuma wewe? Anwar?"

"Anwar ni nani, mama?"

"Haya, mwambie Anwar umenikuta macho. Mimi si wa kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Kwaheri, na pikipiki yako isinikanyagie mihogo."

Mwikali, maskini, aliacha namba yake ya simu kwa jirani akaenda zake.

Hasira ya Mwanarehema ilimzalia akili. Aliazimia kumwonyesha msichana yule na ulimwengu wote kwamba mwizi ni mbega. Matawi mengine yalikuwa bado yanatoa maua ya mwisho mwisho. Akachukua chandarua cha zamani, kile wanachogawa kliniki, akakiosha, akapanda ngazi na leso kaifunga kiunoni, akalifunika tawi zima lenye maua mabichi na kulifunga kwa kamba pande zote. Hata nyuki angehitaji pasi kuingia mle. Tawi la pili lililo sawa na lile akaliacha wazi kwa mbega. Alipomaliza akawatangazia majirani: ndani ya chandarua kutakuwa na korosho, nje hakuna kitu, na Nguma asogeze nyaya zake karibu.

Majirani wakawa wanakuja kutazama kama watu wanaotazama mwali. Ukiondoa mmoja aliyesema tawi limefungwa kwa malaria, wote walikuwa upande wa Mwanarehema. Mbega alikuja akakaa kwenye tawi la wazi, akala majani, akashuka zake. Siku zikaenda.

Jumamosi ya kwanza Nguma aliambiwa angoje chandarua; ya pili alifika na mfuko wake. Mwanarehema alipanda ngazi mwenyewe afungue, kwa sababu ushindi wake hakutaka kuushiriki na mtu. Akafungua kamba. Maua ndani ya chandarua yalikuwa meusi vilevile, na mengine yaliyokuwa bado hayajakauka yalikuwa na ule unga mweupe, mwingi, umelala juu yake kwa raha. Akaligeukia tawi la wazi. Jeusi nalo. Tofauti ilikuwa moja, kwamba kwenye tawi la wazi majani machache yalikuwa yameliwa.

Alishuka, akaketi kwenye ngazi ya chini.

"Vipi, dada?" akauliza Nguma.

"Weka nyaya zako."

"Nitege?"

"Nimesema weka, zirudishe kwenye mfuko."

Nguma, ambaye hana haraka na maisha, akakaa chini naye. Ndipo Mwanarehema alipoanza kuwapima wale wawili, kwa sauti, kama anayepima samaki sokoni. Mbega ana mwili, unamwona, ana joho lake, unaweza kumlaani kwa jina. Anakuja asubuhi, anakula jani, anaruka, anaondoka, na mwakani mti unatoa jani jingine. Hata bibo, lile tunda la mkorosho, likiiva halitaki. Kuvu haina uso. Haiji, haiondoki, haipigi kelele, unalala nayo na kuamka nayo, nawe unaiona vumbi tu. Mmoja amekula majani ya kujazia kikapu na alikuwa anyongwe kwa waya Jumamosi ile. Mwingine amekula misimu miwili na hakuna aliyemtolea hata neno baya.

"Mbega tumemwona kwa sababu ni mweusi kwenye kijani," akasema Nguma. "Mtu huua anachokiona."

"Na hiyo kuvu imekujaje, Nguma? Babangu aliishi na miti hii maisha yake yote, hakuwa na kuvu."

Nguma alikuna shingo. Hakutaka kusema, lakini aliulizwa. "Babako alikuwa akipogoa, dada. Nilimwona mimi. Kila baada ya mavuno alikuwa na panga mkononi. Chini ya mkorosho ungeweza kuanika mpunga ukakauka."

Basi hapo kisu kikamwingia. Kivuli. Kile kivuli alichokilisha na kukinenepesha ili Anwar asipate pa kuweka jiwe la msingi, ndicho kilichokuwa kitanda cha kuvu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na chake yeye alikuwa amekivisha kwa mikono yake. Alilia. Hakulia kwa kujificha, alilia pale pale mbele ya Nguma, akisema, "Ya Rabi, nimeiua miti ya babangu kwa kuilinda asiichukue mtoto wa kakangu." Nguma hakumbembeleza. Alimletea maji.

Na hesabu yenyewe ilikuwa ngumu, usiione rahisi. Akipogoa, kivuli kinarudi nyuma, na kwa maneno ya Mzee Salimu kila panapotoka kivuli pataingia Anwar. Atapoteza nusu ya mahali alipopalinda kwa meno. Asipopogoa, msimu ujao hakuna korosho, na Anwar atachukua pote. Na hakuna aliyemhakikishia kwamba akikata miti itapona. Angeweza kupoteza kivuli leo na miti kesho.

Mtu mwingine angeomba ushauri, angekusanya wazee, angesubiri ndoto. Mwanarehema alikwenda kwa jirani akachukua namba ya simu.

"Mwikali? Ni mimi mama wa mihogo. Ule unga wako nimeuona. Sasa nambie, nikate lini na nikate vipi, na usinifiche kitu."

Hakuomba radhi. Lakini Mwikali alipokuja alipikiwa wali wa nazi na samaki wa kupaka, na kwa wanaomjua Mwanarehema hiyo ni radhi yenye muhuri.

Wakakata kabla ya mvua za masika. Nguma alikuwa juu na msumeno, Mwikali chini akielekeza, Mwanarehema akisimama penye ukingo wa kivuli, pale penye jiwe lake. Nguma akauliza kutoka juu, "Mpaka wapi, dada?"

Mwanarehema akatembea. Aliliacha jiwe nyuma, akaingia ndani, hatua kwa hatua, akalipita hata shina la mti mdogo, kwamba huo nao uangushwe, akasimama karibu kabisa na mkorosho mkubwa.

"Mpaka hapa."

"Hapa?" Hata Mwikali alishtuka. "Mama, si lazima ukate mpaka hapo."

"Mkono wa pweza haukatwi nusu. Nimesema hapa."

Msumeno ukalia siku nzima. Matawi yaliposhuka, jua liliingia mahali ambapo halikuwa limeingia tangu Matano azikwe, udongo ukawa unatoa mvuke. Jioni Anwar alikuja kutoka kazini, kwani mtu alikuwa amempigia simu kwamba shangazi yake ameingiwa na wazimu. Alisimama akitazama uwanja mkubwa ulio wazi, akatazama miti iliyobaki na mifupa yake.

"Shangazi, unajua unalolifanya?"

"Najua. Wewe unataka uwanja, mimi nataka korosho. Kivuli hakikaangiki. Uwanja wako huo hapo, ni haki yako, babu alisema. Lakini neno lako la msimu ujao liko palepale, na mimi nalishikilia."

Mtu akikunyima unajua pa kumshika, akikupa unabaki na mikono mitupu.

Mvua zikanyesha, miti ikachipua majani mekundu mekundu. Mwezi wa saba ukaja na baridi yake. Mwanarehema alijifunga kitambaa puani, akabeba bomba mgongoni, na kila asubuhi aliyoambiwa na Mwikali alipuliza salfa kabla upepo haujaamka, amekuwa wa manjano kama bibi harusi aliyepakwa liwa. Maua yakatoka. Yakapita wiki ambayo mwaka jana yalikuwa meusi, yakabaki mekundu. Hakumwambia mtu. Yakapita nyingine. Mbega walikuja siku moja, wakaona njia yao ya juu imekatika, wakala majani ya mti wa pembeni wakarudi kwao. Aliwatazama mpaka wakaisha machoni. Hakuwa na neno nao.

Siku Anwar alipokuja na mafundi kuchimba msingi, Mwanarehema alikuwa juu ya ngazi, ameshika shada lenye korosho changa, kijani, zimejikunja kama masikio ya mtoto. Nyingine zilikuwa juu yake, na nyingine, na nyingine. Alimwona mpwa wake akija na kamba na vigingi vya miti, akajikaza. Uwanja ni wake, alijiambia, nimempa kwa mdomo wangu. Akaendelea kuhesabu korosho bila kujua amefika ngapi.

Fundi alifunga kamba usawa wa mwisho wa kivuli, sawasawa na haki, akainua sururu. Anwar akainua macho. Aliziona korosho. Aliutazama mkorosho ule mkubwa kwa muda mrefu, jinsi vichipukizi vilivyokuwa vimeanza kunyoosha mikono upya kuelekea uwanjani.

"Fundi," akasema, "rudisha kamba nyuma. Huu mti utatanuka."

"Wapi sasa? Mpaka uko hapa."

"Najua mpaka uliko. Rudisha hatua tatu. Chumba kitakuwa kidogo, si neno. Sitaki ukuta wangu uzuie tawi la shangazi."

Fundi alinung'unika akarudisha kamba. Mwanarehema alisikia kila neno kutoka juu ya ngazi. Alishuka polepole, akamwendea kijana wa kakake, akamshika kichwa kwa mikono yake yenye salfa, akambusu penye paji la uso mbele ya mafundi wote.

"Hatua mbili zatosha, mwanangu," akasema. "Watoto wako nao wanataka pa kulala. Nitapogoa."